Rada mpya italiokoa duka langu la Mshomoroni?

Swali la msomaji: Nina duka la vyakula Mshomoroni, Kisauni. Novemba 2023 maji yaliingia usiku yakaniharibia magunia ya unga na mchele. Kabla ya hapo tuliambiwa El Niño inakuja, tukaambiwa haiji, kisha ikaja. Sasa nasikia redioni kwamba nchi zetu zinatafutiwa pesa za kuboresha utabiri wa hali ya hewa na maji: rada, vituo vya kisasa, kompyuta kubwa. Naomba nijibiwe bila kuzungushwa. Vitu hivyo vitanifaa mimi, au ni pesa za kuishia ofisini? Na kwa nini simu yangu husema mvua, halafu jua linawaka?

Jibu: Dada yangu, pole kwa hasara ile. Jibu fupi ni kwamba vitu hivyo vinaweza kukufaa sana, lakini rada ikiletwa peke yake haitakuokolea hata kilo moja ya unga. Mwaka 2023 utabiri wa msimu ulikuwepo na ulikuwa sahihi. Uliharibikia njiani, kati ya ofisi ulikotolewa na mlango wa duka lako. Mimi kazi yangu ni mvua na mito, na nikisikia watu wakizungumzia kuboresha huduma hizi kwa kutaja mitambo tu, huwa nasikitika, kwa sababu mitambo ndiyo sehemu rahisi zaidi ya kazi yote.

Turudi kwanza kwenye ile vuli. Wiki nyingi kabla mvua haijaanza, Idara ya Hali ya Hewa Kenya na kituo cha tabianchi cha ICPAC kilichoko Ngong, kinachohudumia Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, walikwisha kusema mvua itazidi kiwango cha kawaida. Sababu zilikuwa mbili. Maji ya Pasifiki karibu na ikweta yalikuwa yamepata joto, na hiyo ndiyo El Niño. Papo hapo, upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, hali ambayo wataalamu huiita dipoli chanya. Mambo hayo mawili yakipatana, vuli yetu hufura. Yalipatana mwaka 1997, na wazee wa Mombasa wanaikumbuka mvua ile hadi leo. Mwaka 1961 dipoli ilitosha kutuletea mafuriko bila hata El Niño.

Kwa hiyo wataalamu walikuwa na sababu nzito za kusema walichosema. Lakini utabiri wa msimu hutolewa kwa lugha ya uwezekano: nafasi ya mvua kuzidi kawaida ni kubwa kuliko nafasi ya kupungua. Wanaoamua mambo hutaka kuambiwa ndiyo au la. Mwezi Oktoba zikatoka kauli za kisiasa kwamba balaa halitakuwepo, watu wakapumua, na wengi waliokuwa wameanza kujiandaa wakalegeza mikono. Mvua ikaja. Ilipofika mwisho wa Novemba, watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini, na Pwani ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Hakuna mtambo duniani unaotibu tatizo la aina hiyo. Dawa yake ni taratibu za kisheria na kiutawala zinazosema wazi nani ana mamlaka ya kutoa tahadhari, nani haruhusiwi kuipinga hadharani bila kumuuliza aliyeitoa, na tahadhari ikishatoka ni fedha gani zinafunguka siku hiyohiyo.

Kuhusu simu yako. Programu nyingi za simu huchukua matokeo ya modeli za dunia nzima, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa, na kukuonyesha moja kwa moja, bila mtabiri yeyote wa Kenya kuyatazama. Modeli hizo huigawa dunia katika vipande. Ile ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa (ECMWF), ambayo inahesabika kuwa miongoni mwa bora kabisa, hutumia vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9. Kisiwa chote cha Mombasa kina takriban kilomita za mraba 14, maana yake Kongowea, Mji wa Kale na Likoni vinaweza kuangukia ndani ya kipande kimoja au viwili na kupewa jibu moja. Nawe unajua mvua ya pwani ilivyo. Wingu linatoka baharini, linakua kwa muda wa saa moja, linamwagika Nyali, na Changamwe vumbi halijalowa. Simu haikudanganyi kwa makusudi. Inakupa wastani wa eneo pana, nawe unausoma kama habari ya mtaa wako.

Hapa sasa ndipo rada inapoingia. Rada hulitazama tone likiwa hewani, likiwa bado mbali baharini au bara, na huonyesha linaelekea wapi. Kwa mji kama wetu ingeweza kutoa tahadhari ya saa moja au mbili, na saa mbili kwa mwenye duka ni nyingi: magunia yanapanda juu, umeme unazimwa, mtoto hapelekwi dukani. Kwa hiyo silikatai wazo la rada hata kidogo. Katika orodha ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, bara zima la Afrika lilikuwa na rada za mvua 37 tu, wakati Ulaya na Marekani zina mamia. Hilo ni pengo la haki, na nasema linauma.

Ila rada ni mtambo wa gharama kubwa unaotaka umeme usiokatika, vipuri kutoka ng'ambo na mafundi waliosomea kazi hiyo. Karibu kila nchi ya Afrika ina hadithi ya rada au vituo vya kisasa vilivyozinduliwa kwa ngoma na utepe, mradi ukaisha, wafadhili wakaondoka, na baada ya muda vikanyamaza. Kituo kinachojiendesha chenyewe huweza kukaa kimya miezi kwa sababu ndogo kabisa: laini yake ya simu haina bando, betri imechoka, paneli ya jua imeibwa, buibui amejenga ndani ya kipima mvua. Mchango wa mfadhili hununua chombo. Mshahara wa fundi wa kukizungukia kila mwezi, mafuta ya gari lake na vipuri vya mwaka wa saba havimo kwenye mchango, na bajeti ya nchi ikibanwa hivyo ndivyo hukatwa kwanza. Ukiniuliza niweke wapi shilingi ya kwanza, nitaiweka kwa fundi huyo.

Na data zenyewe zina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Utabiri wa kesho Mombasa hauanzi na wingu la Mombasa. Unaanza na kujua hali ya anga ilivyo sasa hivi, kutoka ardhini hadi juu sana, na juu ya bahari. Mwaka 2021 nchi zote wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilikubaliana kiwango cha chini: vituo vya ardhini visiachane zaidi ya takriban kilomita 200 na vitoe vipimo kila saa, na vituo vya kurusha maputo visiachane zaidi ya takriban kilomita 500 na virushe mara mbili kwa siku. Puto hubeba kipimo kidogo cha joto, unyevu na upepo hadi kilomita 30 hivi angani, kisha hupasuka, na mara nyingi kipimo hakirudi. Kila puto ni pesa zilizoruka, na ndiyo maana nchi maskini hurusha mara moja kwa siku, au hazirushi kabisa. Mfuko wa SOFF, wa kugharamia vipimo vya hali ya hewa, ulioanzishwa mwaka huohuo nauona kuwa mawazo mazuri, kwa sababu kwa nchi maskini zaidi na visiwa vidogo unalipia hata uendeshaji wa vituo alimradi vipimo vinatoka. Nilisubiri kwa muda mrefu kuona mfadhili akikubali kwamba kipimo cha kila siku ndicho bidhaa, na chombo ni njia tu.

Utasikia pia habari za akili mnemba. Ni kweli, mambo yamebadilika haraka. Modeli mpya zinazojifunza kutokana na rekodi za miongo mingi hutoa utabiri wa siku kumi kwa dakika chache kwenye kompyuta ya kawaida yenye nguvu, kazi ambayo zamani ilihitaji jumba zima la mitambo. Kituo cha Ulaya kilianza kutoa sehemu ya data zake bure mwaka 2022, na Februari 2025 kikaanza kutumia rasmi modeli yake ya akili mnemba. Kwa nchi kama yetu huu ni mlango mkubwa: hatulazimiki tena kununua kompyuta ya mabilioni ili kuwa na utabiri wetu. Lakini modeli hujifunza palipopimwa. Eneo ambalo kwa miaka mingi halikuwa na vipimo vya kutosha, modeli hulikisia, na hakuna wa kuisahihisha.

Nimesema maneno mengi juu ya mvua, na maji yaliyoingia dukani kwako yalitoka chini, hayakutoka juu. Hili ndilo ningependa ulishike, kwa sababu ndipo nchi zetu zimelala zaidi. Mvua inapimwa na ofisi moja, iliyo chini ya mambo ya mazingira. Mito inapimwa na ofisi nyingine, Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyo chini ya mambo ya maji. Mabwawa ya Mto Tana yako mikononi mwa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Mitaro ya Mombasa ni ya kaunti. Ratiba ya kupwa na kujaa kwa bahari huchapishwa na Mamlaka ya Bandari. Kila mmoja ana kipande cha jibu lako, na hakuna anayelazimika kuvikusanya mezani usiku wa mvua.

Msumbiji walionja uchungu wa pengo hilo Machi 2019. Kimbunga Idai kilifuatiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kupiga Beira, na upepo ulionywa. Siku zilizofuata mito ya Buzi na Pungwe ikajaa na kufunika vijiji na mashamba hadi upeo wa macho, na watu waliokwisha kunusurika upepo wakakwama juu ya mapaa na miti. Zaidi ya 600 walikufa nchini humo. Hewa ilikuwa imetabiriwa vizuri kuliko maji.

Kupima mto kunahitaji kazi ambayo kompyuta haiifanyi. Kifaa cha darajani hupima kina tu. Ili kina kigeuzwe kuwa ujazo wa maji yanayopita, lazima watu waingie mtoni na kupima kasi ya maji katika vina mbalimbali, watengeneze jedwali, na walirekebishe kila baada ya mafuriko makubwa, kwa sababu mafuriko huchimba mchanga na kubadilisha sakafu ya mto. Wasiporudi, kifaa kitaendelea kutuma nambari safi kila dakika kumi na tano, na nambari hizo hazitakuwa za kweli. Ni sawa na mizani ya duka ambayo springi yake imelegea: inasoma, mteja anaona, lakini uzito sio huo. Mto Sabaki, ambao huanzia kule juu upande wa Nairobi ukiitwa Athi, unatuhusu sana sisi wa Mombasa, maana visima vya Baricho vinavyotulisha maji viko kandokando yake. Mvua ya bara huchukua siku kadhaa kutufikia. Siku hizo ni zawadi kwa yeyote aliye na vipimo vya kuaminika njiani. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wa Garsen na vijiji vya Tana ya chini: maji yaliyopita Garissa leo yanaweza kuhesabiwa yatafika kwao lini.

Nirudi Mshomoroni. Sehemu kubwa ya maji ya mvua ya upande wenu hushuka kuelekea mkono wa bahari wa Tudor. Wavuvi wanajua bila kufundishwa kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari huwa ya bamvua, yaani hujaa na kupwa kupita siku nyingine, na bamvua ya Mombasa hujaa karibu na saa kumi hadi saa kumi na moja, alasiri na alfajiri. Tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo hupita mita tatu. Mvua ya milimita 60 ikinyesha wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, au bahari ikiwa imekupwa, mitaro iliyo wazi huweza kuyatoa. Milimita zilezile zikimwagika alfajiri ya bamvua, mitaro ya sehemu za chini hukuta bahari imesimama mlangoni, maji hayana pa kwenda, na yanarudi mitaani.

Kupwa na kujaa kunajulikana kwa hesabu miaka mingi mbele. Hakuhitaji rada, setilaiti wala mkopo. Hata hivyo ujumbe wa tahadhari unaokufikia husema tu "mvua kubwa inatarajiwa katika kaunti za Pwani". Kama ningepewa jambo moja la kubadilisha Mombasa kesho asubuhi, ningeunganisha karatasi hizo mbili: utabiri wa mvua na jedwali la bahari. Ujumbe ungesomeka hivi: "Mvua kubwa usiku wa Jumanne, bamvua hujaa saa kumi na nusu alfajiri. Mitaa ya chini ya Kisauni, Jomvu na Likoni itarajie maji majumbani kati ya saa tisa na saa kumi na mbili. Pandisha mali kabla ya kulala." Ujumbe huo ungetoka kwa Kiswahili kwenye redio za hapa, misikitini na makanisani, kwenye vikundi vya simu vya wazee wa mitaa, na kwa kipaza sauti juu ya tuktuk kwa yule bibi asiye na simu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likisukuma aina hii ya utabiri kwa miaka mingi: kumwambia mtu mvua itamfanyia nini, badala ya kumwachia milimita azihesabu mwenyewe. Kenya imeshaweka wakurugenzi wa hali ya hewa katika kaunti, kwa hiyo mtu wa kuifanya kazi hiyo yupo. Mpeni gari, mpeni data za mitaro.

Ukitaka ushahidi kwamba njia ya ujumbe huokoa watu, tazama Bangladesh. Kimbunga cha Bhola cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo nchi ile, ikiwa maskini kabisa, ikajenga mtandao wa watu wa kujitolea wenye bendera, redio na vipaza sauti, na majengo ya kukimbilia yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007 kilikuwa kikali sana, nacho kiliua watu takriban 3,400. Bado ni msiba, lakini si wa mamia ya maelfu. Sisi wenyewe tulionja kidogo tarehe 26 Desemba 2004. Tsunami ilipovuka Bahari ya Hindi, habari zilitufikia saa kadhaa kabla ya mawimbi, polisi wakaondoa watu kwenye fukwe, na Kenya ilipoteza mtu mmoja wakati Somalia ilizika mamia. Bahari ilikuwa imekupwa, na hilo lilisaidia pia, lakini watu waliambiwa na wakaondoka.

Mchumi Stéphane Hallegatte wa Benki ya Dunia alikadiria mwaka 2012 kwamba kama nchi zinazoendelea zingefikia kiwango cha Ulaya katika huduma hizi, watu wapatao 23,000 wangeokolewa kila mwaka. Umoja wa Mataifa nao ulitangaza mwaka 2022 lengo la kila mtu duniani kulindwa na tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa 2027. Naunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Ninachodai ni kwamba lipimwe kwa watu waliohamisha magunia, wala si kwa idadi ya vituo vilivyozinduliwa.

Jambo la kuaminiana lazima nalo nilitaje. Watu wakiambiwa mara tatu "mvua kubwa" na isinyeshe, mara ya nne hawasikii. Tiba yake ni idara kuweka wazi alama zake kila msimu: tulitoa tahadhari ngapi, ngapi zilitimia, ngapi zilitupita. Najua maofisa wengi wanaogopa kujivua nguo hadharani. Ila mtabiri anayesema asilimia 70, na katika kila tahadhari kumi za aina hiyo saba zikatimia, huyo amefanya kazi yake barabara, na wananchi wakionyeshwa hesabu hiyo wataielewa bila shida. Mfanyabiashara anaishi na uwezekano kila siku anapoagiza mali asiyojua kama itanunuliwa yote. Jua pia kwamba utabiri wa msimu wa vuli huaminika zaidi kuliko wa masika, kwa sababu vuli hufuata joto la bahari kwa karibu. Masika hufuata mambo mengi madogomadogo. Masika ya 2024 yaliua watu karibu 300 nchini.

Sasa wewe binafsi. Kabla ya vuli ijayo, sikiliza utabiri wa msimu wa Pwani unapotolewa, na ukisema nafasi ya mvua kuzidi kawaida ni kubwa, usiagize unga wa mwezi mzima kwa pamoja. Weka mbao au matofali chini ya magunia, angalau kimo cha goti, kwa msimu wote. Kwenye kalenda yako chora siku mbili tatu zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tahadhari ya mvua ikitoka na kuangukia siku hizo, ichukulie kwa uzito maradufu, hata kama ya wiki iliyopita haikutimia. Fuata matangazo ya Idara yenyewe na ya mkurugenzi wa kaunti, na picha ya wingu iliyo kwenye simu iwe ya pili.

Na kaunti inapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, nenda na majirani. Usiulize kama kuna mpango wa kukabiliana na mafuriko, maana utajibiwa kwamba upo. Uliza maswali mawili, na uombe majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Tahadhari ikitolewa saa nane mchana, ni ofisa gani, kwa cheo, anayepaswa kutuma watu kuzibua mitaro ya Mshomoroni kabla ya bamvua ya alfajiri? Na katika bajeti ya mwaka huu, pesa za mafuta na posho za watu hao ziko ukurasa gani?